Mikono ya Sista Mwanahamisi

Mimi ndiye niliyesema Sista Mwanahamisi ni mlevi. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wa upande wa Mutomo wananijua, na nikianza kumsifu kabla ya kukiri, kuna mtu atakohoa huko nyuma. Naitwa Wavinya. Kazi yangu ni usafi katika kituo chetu cha afya, huku kusini mwa Kitui ambako jua halina adabu. Napiga deki, nafua shuka, nachoma taka, nachota maji tangi likikauka. Mwaka wa tisa huu. Shule niliachia darasa la saba, lakini Mungu alinipa macho mawili na mdomo wa watu watatu.

Sista ni muuguzi mkunga. Kwao ni Kitui mjini. Babu yake alikuja kutoka Lamu na marobota ya nguo, akaoa, akasahau kurudi. Kwa hivyo yeye ni Mwislamu wa stara, mtandio na vyote, lakini akifungua mdomo kwa Kikamba utadhani alizaliwa nyuma ya jiko letu. Wazee wageni wakija kliniki humtazama midomo kwanza, kuhakikisha ni yeye anayeongea. Mumewe, Fahim, ana duka la vifaa vya ujenzi kule Kabati na huja mwisho wa wiki. Binti yao yuko shule ya bweni. Siku nyingine zote Sista ni wetu.

Amezalisha hapa miaka kumi na mmoja. Ukiingia shule ya msingi ukasema aliyezaliwa mikononi mwake ainue mkono, madarasa ya chini yote yatainua. Kuna msichana anaitwa Mwanahamisi Kyule, na babake Kyule ni shemasi wa kanisa letu. Mchungaji alipombatiza alimeza mate mara mbili, kisha akalisema jina lote bila kurukaruka.

Watu hudhani ukunga ni kazi ya mikono tu. Ni ya mgongo na magoti pia. Mama mwenye uchungu haridhiki na ukuta, anataka shingo yako. Mara anataka kulala, mara kuinuka, mara kutembea, na uzito wake wote uko juu yako. Kitanda chetu cha kujifungulia kilitengenezwa na mtu asiyewahi kumwona mwanamke mwenye mimba, kwa hivyo kila mama hupandishwa kwa kuinuliwa. Mtungi wa oksijeni husukumwa, ndoo hubebwa, na ukimaliza na mmoja, mwingine yuko mlangoni analia. Zamani nilimwona Sista akimtoa mama kwenye bodaboda na kumbeba mikononi hadi ndani, na mama mwenyewe hakuwa mwembamba. Nilikuwa namtazama nikijiuliza huyu alilishwa nini utotoni.

Mabadiliko yalianza mwaka juzi, mwezi wa pili, wakati joto la huku huwafanya hata mbuzi wakose hamu ya kuiba. Asubuhi Sista alikuwa mzima. Ikifika saa sita anatembea ameshika ukuta. Saa nane ulimi umekuwa mzito, maneno yanatoka yamelaliana. Siku moja aliangusha bakuli zima la makasi na koleo mbele ya akina mama, akaomba radhi, akashindwa kuinama kuokota. Niliokota mimi. Nilipokuwa pale chini niliona miguu yake ikitetemeka ndani ya viatu.

Sasa, marehemu mume wangu Kimeu alikunywa kaluvu miaka kumi na minane. Kama ulevi ungefundishwa chuoni, mimi ningekuwa profesa. Najua mwendo wake, najua ulimi, najua yale macho yanayotazama pembeni mwa kitu badala ya kukitazama kitu chenyewe. Halafu kulikuwa na themosi nyeusi ambayo Sista hakuiacha popote wala hakumkaribisha mtu. Kulikuwa na stoo, alikojifungia kila adhuhuri. Mwanzoni nilidhani anaswali, lakini swala gani ya saa nzima? Na kulikuwa na maji. Alitoka stoo amejitwika leso mbichi chini ya mtandio, maji yanamchuruzika shingoni. Kimeu naye alikuwa akijimwagia maji kichwani kabla ya kuingia nyumbani, eti nisijue. Nikajumlisha, nikapata jibu langu.

Nilimwambia Kasyoka peke yake. Tulikuwa mwethya siku hiyo, kile kikundi chetu cha kusaidiana ambacho leo kinachimba mitaro katika shamba la huyu na wiki ijayo katika shamba la yule. Kasyoka ni rafiki yangu tangu utoto, na mtu akitaka jambo lifike Makueni kabla ya jua kutua, amwombe Kasyoka amfichie. Jumapili hiyohiyo binamu yangu wa Kathonzweni alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli kwetu kuna mkunga Mwislamu anayelewa kazini. Nikamwambia lisemwalo lipo. Sikuona haya. Nilijiona nabii.

Maneno yalizunguka miezi mingi, yakapoa, yakawaka tena. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, akina mama wawili walikataa kupimwa na Sista mchana. Ndipo kamati ya kituo ikaamka. Mwenyekiti wake ni Mwalimu Nyamai, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye hata akikusalimu unahisi anasahihisha. Aliandika barua: Alhamisi Sista afike mbele ya kamati. Ikithibitika, wataandikia wakubwa aondolewe.

Jumatatu ya wiki hiyo Muthoki akaletwa.

Ilikuwa saa nane mchana. Bwana Musembi, msimamizi wa kituo, alikuwa kwenye semina Kitui. Muuguzi wetu wa pili, kijana anayeitwa Kilonzo, alikuwa vijijini na boksi la chanjo. Bodaboda ikasimama mlangoni, Muthoki akateremka na mama mkwe wake, akapiga hatua nne, akaanguka magoti palepale kwenye korido niliyotoka kuideki. Akaanza kusukuma.

Nilikimbia stoo nikausukuma mlango. Sista alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, leso mbichi kichwani, themosi kando.

"Sista, kuna mama anazaa kwa korido!"

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu, si kuelekea kwangu. "Wavinya, macho yamezima. Naona vivuli tu. Miguu sisikii kabisa. Nivute."

Mungu anisamehe, hata wakati huo nilimuuliza: "Umekunywa nini?"

Hakukasirika. Alipapasa, akashika themosi, akaninyooshea. "Onja. Halafu inayobaki unimwagie shingoni, yote."

Nikaonja. Yalikuwa maji ya barafu. Hayakuwa na harufu hata ya majani ya chai. Nikammwagia, akashtuka, akashusha pumzi ndefu. Nikatandika shuka sakafuni, akajitupa juu yake, nami nikalishika kwa ncha mbili na kumburuta muuguzi mkunga wa kituo chetu kwenye korido kama gunia la mbaazi. Njiani alikuwa tayari anavaa glavu alizotoa mfukoni, kidole kwa kidole, bila kutazama.

Tulipofika, kichwa cha mtoto kilikuwa nje.

"Wavinya, wewe ndiwe macho yangu. Kichwa kiko namna gani?"

"Kimetoka, lakini kimerudi nyuma. Mashavu yamebanwa, yamefura."

"Kuna saa ukutani. Inasema nini?"

"Saa nane na dakika kumi na mbili."

"Kila dakika ikipita, niambie. Mabega yamekwama. Muthoki, mwaitu, mama yangu, usisukume, pumua tu. Mama mkwe, shika goti hilo. Wavinya, shika hili. Yakunjeni mpaka yaguse tumbo."

Tuliyakunja. Akapapasa tumbo la Muthoki, akauchukua mkono wangu na kuuweka juu kidogo ya mfupa wa kinena. "Bonyeza hapa. Bonyeza na uzito wako wote, na Muthoki sasa asukume." Nilibonyeza hadi viwiko vikalia. Hakuna.

"Dakika ya pili," nikasema.

"Mgeuzeni. Magoti na mikono, kama mtu anayepanda maharagwe."

Tukamgeuza. Sista akajivuta kwa viwiko hadi nyuma yake, akapiga magoti huku bega lake limeegemea ukuta ili asianguke. Miguu yake ilikuwa imekaa upande kama si yake. Akafumba macho, kwani yalikuwa na faida gani? Akasema Bismillahi. Mkono wake wa kulia ukaingia polepole, na nikauona uso wake ukitulia kabisa, kama wa mtu anayetafuta ufunguo ndani ya kiondo chake mwenyewe, anayejua umo. Muthoki alipiga mayowe. Mama mkwe alikuwa akimwita Yesu. Mimi nilisema dakika ya tatu. Nilisema dakika ya nne.

"Nimepata kiwiko," Sista akasema, taratibu kama anayeongea na mtoto mwenyewe. "Njoo. Njoo, mkubwa."

Mkono mdogo ukatoka kwanza, kisha bega, kisha mtoto mzima akaporomoka kwenye mapaja yake. Alikuwa wa rangi ya majivu na hakusogea.

"Wavinya, kifuko cha kupulizia hewa. Chumba cha kujifungulia, droo ya pili, upande wa kulia, mbele."

Kilikuwa pale pale. Akamlaza mtoto, akamweka shingo sawa kwa vidole viwili, akafunika mdomo na pua, akaanza kubonyeza. "Kifua kinapanda?"

"Hapana."

Akasogeza kidevu kidogo tu. "Sasa?"

"Kinapanda. Sista, kinapanda!"

"Usilie, nitazamie. Rangi?"

"Bado majivu. Midomo... midomo inabadilika. Inakuwa kama damu."

Mtoto akakohoa, akakunja uso, akalia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa vibaya. Nimekaa kanisani tangu nizaliwe, nimesikia mahubiri ya miujiza hadi nikasinzia, lakini muujiza wenyewe niliuona siku hiyo kwenye korido. Mwanamke asiyeona, asiyeweza kusimama, amemtoa mtoto mahali ambapo sisi wenye macho na miguu tungemwacha. Na mwanamke huyo ndiye niliyekuwa nimemuuza kwa maneno. Niliogopa Mungu, nasema kweli. Na Sista pia nilimwogopa.

Muthoki alipotulia kitandani, mtoto kifuani, nilirudi nikamkuta Sista ameegemea ukuta palepale. Nilimletea maji ya mtungi nikamlowesha tena. Baada ya nusu saa akasema anaona dirisha, kisha akasema ananiona mimi, na kwamba nilikuwa na damu kwenye nyusi.

"Sista, ni mimi niliyesema wewe ni mlevi."

"Najua. Kasyoka aliniambia."

Nilitaka sakafu inimeze. "Na hukuniuliza? Hukukana?"

"Ningekana nikasema nini?" Alicheka kicheko kidogo, cha uchovu. "Mlevi, Wavinya, huonywa mara ya kwanza, huonywa mara ya pili. Mgonjwa hustaafishwa mara moja. Nikaona heri niwe mlevi wenu."

Ndipo akaniambia. Ugonjwa unaitwa multiple sclerosis, MS kwa kifupi. Mishipa ya fahamu, alisema, ina maganda kama waya za umeme. Askari wa mwili, wale wanaotakiwa kupigana na malaria, wamegeuka na kuyala yale maganda, mahali hapa na pale, katika ubongo na uti wa mgongo. Waya ukibaki uchi, umeme haufiki, au unafika umechelewa. Joto likizidi mambo huharibika zaidi, akipoa yanarudi. Hauambukizi. Hauui haraka. Hauponi. Kabla ya kuujua alitibiwa taifodi mara tatu. Mama mkwe wake alileta mtu wa kumsomea dua kwa sababu ya jini, na mchungaji wetu, kwa nia njema, aliomba kumwekea mikono. Alikubali vyote kwa kuwa hakuna kilichouma. Mwishowe daktari mmoja Nairobi akamlaza ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, akamwonyesha madoa meupe. Alirudi Mutomo Jumapili, Jumatatu saa mbili akawa kazini.

"Kwa nini hukuacha tu, upumzike?" nilimuuliza.

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini hakuacha kupumua. "Nikiacha, nitakuwa mgonjwa kutwa nzima. Hapa mimi ni mgonjwa saa chache tu."

Usilolijua ni usiku wa giza. Mimi nilikuwa nimetembea gizani miezi minane nikiwaelekeza wengine njia.

Alhamisi kamati ikakaa. Mimi si mwanakamati, kazi yangu ni kumimina chai. Niliimimina, na Mwalimu Nyamai aliposema, "Tumeitana kwa jambo la aibu," nikaweka birika chini.

"Mwalimu, hiyo aibu ni yangu. Sista hajawahi kulewa. Ni mimi nilianzisha, nikampea Kasyoka, na nyinyi mkapewa na Kasyoka. Nilionja hiyo themosi. Ni maji."

Kasyoka alikuwa amekaa pale kama mwakilishi wa wanawake. Alitazama dari. Mwalimu Nyamai alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Wavinya, kaa chini." Sikukaa.

Sista akasimama kwa kushikilia meza, akawaeleza yote, jina la ugonjwa, joto, macho, miguu. Hakulia wala hakuomba. Alipomaliza, Bwana Musembi, ambaye ni mtu mwema, akasema wema wake. "Sista, pole sana. Sasa tutakupatia kazi ya kukaa. Ile ofisi ya takwimu iko na feni. Utajaza vitabu, hutachoka."

Niliuona uso wa Sista ukianguka. Kwenye korido, bila macho, haukuanguka. Kwa ajili ya feni, ulianguka.

Nikasema tena, maana nilikuwa bado nimesimama. "Bwana Musembi, huyu Kasyoka nyonga yake iliharibika mwaka gani? Mwethya tulimfukuza? Mtu jembe likimshinda, mwethya haimwambii aende nyumbani. Tulimwambia apime mistari na aimbe, sisi tuchimbe, na siku yake inahesabiwa siku nzima. Na hiyo mitaro yetu imenyooka tangu yeye apime. Sista mikono yake haina shida. Miguu ndiyo imechoka. Si sisi tuko na miguu?"

Kasyoka alishusha macho kutoka kwenye dari. "Ni ukweli," akasema. "Mwethya tunaweza toa watu. Wawili kila siku. Kubeba maji, kuinua akina mama, kusukuma hiyo mtungi."

Mwalimu Nyamai akamgeukia Sista. "Sista," akasema, "wajukuu wangu wanne umewapokea wewe. Sitaki uondoke. Lakini nijibu hili. Siku mikono nayo ikikataa, tutajuaje? Wewe utatuambia?"

Hilo ndilo lililokuwa swali, na sote tuliona limemgusa. Alitazama mikono yake juu ya meza.

"Sitajua, Mwalimu," akajibu. "Ganzi huja polepole, na mtu hujidanganya. Nikiachiwa nijipime mwenyewe, nitajipa alama zote." Akafikiri kidogo. "Nipimwe kila asubuhi kabla sijamgusa mtu. Nifumbe macho, niwekewe mbegu kiganjani. Ndengu, kunde, mbaazi, mtama, mahindi, maharagwe. Vidole vyangu viseme ni nini. Mkono unaotofautisha ndengu na mtama unaweza kumshika mtoto. Ukikosea hata moja, siku hiyo simgusi mama yeyote."

"Na nani atakupima? Musembi?"

"Bwana Musembi ana huruma. Kilonzo ananipenda, atanificha." Akanielekezea kidole. "Wavinya. Hajawahi kuficha kitu tangu azaliwe."

Walicheka wote, mpaka Mwalimu. Mimi nilikuwa nimeshika birika nisione pa kuliweka.

Mambo yalikwenda hivyo. Madaktari wa bodi ya serikali walimpima, wakamruhusu, na kila mwaka watampima upya. Zamu yake huanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa sita, jua kabla halijakasirika. Kile kitanda cha juu tulikitoa. Sasa akina mama hujifungulia kwenye godoro la chini, na Sista amekaa mbele yao kwenye kigoda. Wamama wa mwethya walipanda juu ya paa na kulifunika bati kwa nyasi, Bwana Musembi akiwa chini analalamika kuhusu nyoka na kanuni. Chumba kilipoa hata yeye akaanza kunywea chai humo. Siku mbaya zipo. Kuna siku Sista huja na magongo mawili, kuna siku hulala stoo kwa uchovu usio wa kazi, uchovu ambao anasema usingizi hauutibu. Kisha kesho yake unamkuta kwenye kigoda, mkono juu ya tumbo la mtu, anasikiliza kwa vidole.

Na kila asubuhi mbegu sita. Mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mwaka mmoja na miezi minane, hakukosea hata moja. Nilifika mahali nikawa natafuta mtama mnono na ndengu zilizodumaa, kumtega tu, naye anacheka macho yakiwa yamefumbwa na kusema, "Wavinya, hii ni ndengu ya shamba lenye njaa."

Jana ilikuwa zamu ya binti yangu.

Kathini ndiye mtoto wangu wa pekee, na huu ni uzazi wake wa kwanza. Tangu mimba ina miezi mitatu amekuwa akisema hataki mkono wa mtu mwingine ila wa Sista. Uchungu ulianza juzi jioni. Jana alfajiri Kilonzo akampima, akatoka akikuna kichwa: mtoto amelala uso juu, kisogo kimeegemea mgongo wa mama, itakuwa ndefu na ngumu. "Afadhali Sista yuko," akasema. Nami nikasema Amina.

Saa kumi na mbili Sista alifika. Alikuwa ametoka kwenye homa ya siku tatu, lakini alikuwa anatembea na gongo moja tu. Tukaketi stoo kama kawaida, mlango umefungwa. Kupitia ukutani nilimsikia Kathini akiniita. Sista akafumba macho, akanyoosha mkono wa kulia.

Mahindi, akasema. Maharagwe. Mbaazi. Nikaweka mtama.

Akausugua kwa kidole gumba. Akausugua tena. "Ndengu," akasema. Kisha akaongeza kitu ambacho hakuwahi kukiongeza: "Ni ndengu?"

Hakukuwa na mtu mwingine mle ndani. Kathini alipiga yowe lingine. Mtoto wangu, mwili wangu, na mikono bora kuliko yote ninayoijua duniani ilikuwa mbele yangu, ikiningoja niseme neno dogo. Ingeweza kuwa ndengu. Tofauti yake na mtama ni nini, jamani? 

"Ni mtama, Sista."

Kiganja chake kikajifunga. "Rudia."

Nikaweka kunde. "Mbaazi," akasema.

"Ni kunde."

Akafumbua macho. Hakunitazama mara moja. Alikaa akizitazama zile mbegu kama mtu anayesoma barua, na mimi nilikuwa nalia bila kujificha. Kisha akashika gongo, akainuka, akaingia kwa Kathini mikono mitupu, akamwambia mwenyewe.

"Kathini, mikono yangu leo haifai. Kilonzo ana mikono mizuri, nimemfundisha mimi. Lakini siendi popote."

Kathini alimshika mtandio akalia. Sista akateremka kwenye godoro, akakaa nyuma yake, akamvuta akamwegemeza kifuani, na akakaa hivyo saa nne. Saa nne nzima na miguu ile. "Kilonzo, niambie unachogusa," alikuwa akisema. "Si unachofikiri. Unachogusa." Kilonzo anaeleza, yeye anamwelekeza, ulalie ubavu wa kushoto, ngoja, usimharakishe, sasa. Saa nne na robo asubuhi mtoto aliugeuza uso wake kama alivyotakiwa, akaja. Ni msichana. Alilia kabla hajamaliza kutoka.

Nimeona mengi katika kituo hiki, na ya korido nitayasimulia hadi nizikwe. Lakini mwanamke aliyeuliza swali lile stoo, akapewa jibu, akainuka na kwenda kulisema mwenyewe kitandani kwa mgonjwa, huyo simwelewi. Namtazama tu.

Adhuhuri nilimkuta kwenye kigoda chake, leso mbichi kichwani, anafungua na kufunga kiganja.

"Kesho saa kumi na mbili," akasema.

"Sista, na kama kesho pia..."

"Utaniambia."